Mahindi ya Agosti, Njaa ya Machi: Kikundi cha Wakulima Kinabadili Nini?

Ukipita barabara ya Chalinze kwenda Segera mwezi Agosti, pale Mkata utayakuta magunia yamepangwa kando ya lami na Fuso zinapakia. Ni mahindi ya Handeni na Kilindi, wilaya za mkoa wa Tanga, yanakwenda Dar es Salaam na Tanga mjini. Rudi palepale mwezi Machi. Fuso zipo, ila safari hii zinashusha. Mahindi yanatoka kwingine, yanapimwa kwa debe na kwa kisado, na wanaonunua ni walewale waliouza Agosti, kwa bei inayokaribia mara mbili ya ile waliyopewa.

Nimekulia ndani ya mzunguko huo. Kijijini kwetu Handeni, bibi yangu alikuwa anahesabu miezi kwa kihenge. Kihenge kikijaa, ni Agosti. Kikifika kiunoni, vuli imeshaanza. Ukisikia kata inakwangua chini, basi masika iko karibu, shamba linataka palizi, na nyumbani tunaanza kula makopa ya muhogo. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunauza mahindi kama tunajua tutayatafuta. Akanijibu, "Mwanangu, njaa ya Machi haina jembe mkononi, deni la Agosti linakuja mlangoni."

Nimelikumbuka jibu hilo kila ninaposikia maneno "jiungeni kwenye vikundi". Kila mradi unaofika kijijini unaanza na maneno hayo. Wapo wanaoamini kwamba kikundi ni dawa ya njaa, na wapo wanaoamini kwamba ni mlango wa wajanja kula fedha za wenzao. Wote wamewahi kuona mfano wa wanachokisema. Mimi naona tunaanza na swali lisilo sahihi. Tunauliza kama kikundi kinaongeza mavuno, kumbe kwa familia nyingi za vijijini Tanga kinachokosekana ni uwezo wa kusubiri. Kikundi kizuri kinamnunulia mkulima muda. Kinaweza pia kumuuzia muda wake mwenyewe kwa bei mbaya, na hilo nalo nitalieleza.

Uhakika wa chakula ni kitu gani hasa

Mkutano mkuu wa dunia kuhusu chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulikubaliana kwamba uhakika wa chakula upo pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kukifikia chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Wataalamu wanaligawa hilo katika mambo manne. Chakula kiwepo. Watu wakifikie, kwa kulima au kwa fedha. Mwili ukitumie vizuri. Na hayo yote yadumu, yasiwe ya msimu.

Handeni ya mwezi Agosti ina jambo la kwanza. Inachokosa ni la nne, yaani kudumu. Ndiyo maana takwimu za mavuno peke yake zinadanganya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa inayoongoza kwa udumavu ni pamoja na Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ndiyo maghala ya nchi. Mahindi kuwepo mkoani ni jambo moja, na mtoto kula mlo kamili mwezi Machi ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili kuna safari ndefu, na kikundi kinafanya kazi yake humo njiani.

Hesabu ya magunia tisa

Tuchukue familia moja ya watu sita, iliyovuna magunia tisa ya kilo mia. Bei nitakazotumia ni za mfano, ila yeyote aliyelima anaujua mwenendo wake. Tuseme familia hii inakula kilo mbili za mahindi kwa siku. Gunia moja ni siku 50. Kwa mwaka mzima inahitaji magunia saba na kidogo. Ukitazama kwa mbali, wana ziada ya karibu magunia mawili.

Agosti inafika na mahitaji yake: sare, dawa, na deni la mbegu na chumvi walilochukua dukani tangu Machi. Zinatakiwa shilingi 180,000. Gunia ni 45,000, kwa sababu kila mtu anauza siku hizohizo. Wanauza magunia manne. Yanabaki matano, ambayo ni siku 250. Ukianza kuhesabu tarehe 1 Agosti, yanaisha wiki ya kwanza ya Aprili. Vuli ikikataa, na Handeni vuli inakataa mara nyingi, basi kuanzia Aprili hadi mavuno mapya ni siku karibu 115. Hapo watatafuta magunia mawili na zaidi kwa bei ya 90,000. Watatumia zaidi ya laki mbili kurudisha nusu na kidogo tu ya kile walichouza kwa 180,000.

Sasa tuwaweke kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Agosti wanauza magunia mawili tu, wanapata 90,000. Nyingine 90,000 wanakopa kwenye sanduku la kikundi kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi. Mapema Novemba wanadaiwa 103,500. Gunia limefika 70,000, wanauza moja na nusu, wanalipa. Mwisho wa hesabu wameuza magunia matatu na nusu badala ya manne. Wameokoa nusu gunia. Ni siku 25 za kula.

Siku 25 si kitu cha kubeza, lakini hazifiki ile ahadi ya mabango ya miradi. Watu huingia kwenye kikundi wakitegemea mkopo utawatoa kwenye njaa, wakiona njaa imerudi palepale wanasema wameibiwa. Mkopo unasogeza tarehe. Faida kubwa zaidi haiko sokoni, iko stoo, na hiyo hatukuihesabu. Yale magunia matano yaliyobaki nyumbani, nani kasema yatabaki matano?

Chumvi kwenye chupa

Adui wa stoo ana jina la lori. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, alionekana nchini kwanza upande wa Tabora kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wakampa jina la skania. Fukusi tulimzoea, hula taratibu. Dumuzi hutoboa punje hadi ikabaki unga. Unafungua gunia lililosimama wima, unaingiza mkono, mkono unazama. Familia yetu ya mfano ikipoteza gunia moja kati ya matano, imepoteza siku 50, mara mbili ya kile ilichookoa kwa mkopo.

Hapa ndipo nilipoanza kuviheshimu vikundi. Miaka michache iliyopita nilikaa uani kwa shangazi yangu siku ambayo wanakikundi walikuwa wanapima ukavu wa mahindi kabla ya kuyafunga. Hawakuwa na kipima unyevu. Walikuwa na chupa ya soda, kavu kabisa, iliyoanikwa tangu asubuhi, na chumvi ya unga iliyokaushwa juani. Mama mmoja alitia punje hadi theluthi ya chupa, akaongeza vijiko viwili vya chumvi, akaziba, akaitikisa kwa dakika nzima huku wengine wakihesabu. Kisha akailaza kivulini, wakaendelea na mazungumzo kwa robo saa. Alipoiinua, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo kama umande. Shangazi akaitazama, akakunja turubai lake bila ubishi, akarudisha mahindi juani. Yalikuwa yake. Siku ya tatu walipima tena, chumvi ikateremka yote, kioo kikabaki safi.

Mtu akiwa peke yake, mwenye haraka na mawingu yakijikusanya, hufunga. Mbele ya wenzake kumi na wanane hafungi. Kipimo chenyewe kila mtu anaweza kujifunza kwa dakika moja. Kikundi kilichoongeza ni macho ya wenzako na aibu kidogo.

Mahindi yakishakauka wanatumia mifuko ya PICS, ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Ni mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Unajaza ule wa ndani, unatoa hewa, unasokota shingo, unaikunja na kuifunga kamba, kisha unafanya hivyo kwa wa pili, na kiroba mwisho. Wadudu waliomo ndani wanaimaliza hewa na kufa. Hakuna dawa. Lakini ukifunga mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, umejitengenezea kuvu. Na kuvu ndiko kunakotoka sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupika, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo chupa ya chumvi na mfuko ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Kikundi kinachogawa mifuko bila kufundisha kukausha kinawasogeza watu kwenye hatari.

Mfuko huo bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, na mara nyingi haupatikani kwenye duka la kijijini. Watu ishirini wakichanga, mmoja anapanda basi kwenda Handeni mjini au Korogwe na kurudi na mzigo. Mtu mmoja akihitaji mifuko mitatu, nauli inaimeza faida. Ni jambo dogo sana, lakini uhakika wa chakula vijijini umeshonwa kwa mambo madogo ya namna hii.

Sanduku, na tarehe ya kulivunja

Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo huu, sanduku la bati lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, vilianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, vikaenea Afrika nzima. Kwetu vilikuta watu tayari wanacheza upatu, kwa hiyo havikuonekana vigeni. Kila wiki unanunua hisa, unachangia kidogo mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa, unakopa kwa zamu, na mwisho wa mzunguko mnagawana.

Watu wanajadili sana riba na ukubwa wa hisa. Mimi ningewaomba wajadili tarehe ya kuvunja. Vikundi vingi Tanga huvunja Desemba, au kabla ya Idi, ili watu wapate fedha ya sikukuu. Sikukuu ina haki yake, siipingi. Lakini kikundi kinachovunja Februari kinaweka fedha mkononi mwa mkulima wakati anatafuta mbegu, mahindi ya kula yanaanza kupanda bei, na palizi ya masika iko mbele. Fedha ni ileile, sanduku ni lilelile, ila mwaka wa familia unabadilika.

Februari na Machi ndiyo miezi ya mtego mkubwa kuliko wote. Nyumba iliyoishiwa inakwenda kibarua. Baba na mama wanalima kwa watu ili wapate unga wa jioni, na shamba lao linaota magugu. Mahindi yaliyochelewa palizi wiki mbili hayafidiwi na mbolea. Kwa hiyo njaa ya mwaka huu inapanda njaa ya mwaka ujao, shambani kabisa, kwa mikono ya watu wasio wavivu. Vikundi vinavyoufufua msaragambo, kulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, vinaukata mtego huo pale unapoumia. Kwa maoni yangu hii ni kazi kubwa kuliko mkopo wowote, na haiandikwi kwenye ripoti kwa sababu haina shilingi ndani yake.

Kuuza pamoja, na kisichosubiri

Kuna dhuluma inayoitwa lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba juu, likabeba zaidi ya kilo mia, na kulipwa kama gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza. Mnunuzi akikutana na mkulima mmoja mwenye magunia mawili na mtoto anayeumwa, sheria iko mbali na Fuso iko mlangoni. Akikutana na watu thelathini wenye magunia mia moja na mizani yao wenyewe, mazungumzo yanakuwa mengine. Hata kama bei haikupanda hata shilingi, kilo zilizokuwa kwenye kilemba zimerudi nyumbani. Chukua lumbesa ya kilo 120 mara magunia manne: ziada ni kilo 80, siku 40 za familia yetu ya mfano.

Mambo ni tofauti ukipanda milima ya Usambara. Lushoto wanalima kabichi, nyanya, karoti na viazi mviringo. Hivyo haviwezi kusubiri Machi. Kikundi kikisema "tusiuze hadi bei ipande", nyanya zinaozea kwenye tenga. Huko kazi ya kikundi inabidi ifanyike kabla ya kupanda: nani anapanda wiki ipi, ili wote wasifike sokoni siku moja, na nani anapiga simu Dar es Salaam kuuliza bei kabla ya kuvuna. Nimeona miradi ikichukua mfano wa kikundi cha mahindi na kuupeleka kwa wakulima wa nyanya, kisha watu wakaambiwa hawana umoja. Umoja walikuwa nao. Zao lao ndilo halikai.

Maziwa ni mfano wa tatu, na Tanga ina la kujivunia hapo. Vyama vya wafugaji vya msingi viliungana miaka ya 1990 na kuunda chama chao kikuu, TDCU, chenye vituo vya kukusanyia na kupoza maziwa, na wafugaji kupitia chama hicho wana hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh. Maziwa hayasubiri hata siku moja, lakini yanalipa mwaka mzima. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa ana kipato cha Machi. Nyumba yenye kipato cha Machi haiuzi mahindi yote Agosti. Kwa hiyo chama cha maziwa kinalinda kihenge cha mahindi, ingawa hakuna aliyekiunda kwa lengo hilo.

Upande mwingine wa jambo hili unasemwa kwa sauti ndogo. Kuuza pamoja kunaweza kuondoa chakula nyumbani kwa kasi zaidi. Soko likipatikana, gari likija, viongozi wakiwa wameahidi tani fulani, shinikizo linakuwa kubwa. Baba anaona fedha taslimu, anapeleka gunia moja zaidi, halafu moja tena. Vivyo hivyo kwa korosho za Mkinga na mkonge wa Korogwe: malipo yanakuja kwa mkupuo, kwa jina la mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mwanamume, na anayepika hajui kiasi kilichoingia. Mkonge mchanga unakaa karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na wakulima wenye busara hupanda mahindi na maharage katikati ya mistari yake. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, inayokagua mistari ya mkonge peke yake, bila kuuliza familia inakula nini miaka hiyo mitatu, inajenga zao na kubomoa jiko.

Kikundi cha shangazi kina kanuni moja ninayoipenda. Kabla ya kupeleka gunia la kuuza pamoja, mwanachama anatamka mbele ya mkutano idadi ya watu nyumbani kwake na idadi ya magunia anayobakiza. Katibu anaandika. Wanaume waliona ni kudhalilishwa mwanzoni. Sasa wanatamka.

Pingili za muhogo

Tanga haiishi kwa mahindi tu. Muheza, Pangani na Mkinga muhogo ndio bima. Unakaa ardhini, unachimbwa unapohitajika, na bada, yaani ugali wa muhogo, kwa samaki si chakula cha shida, ni chakula cha heshima. Ila muhogo una ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliotambuliwa na watafiti palepale Amani, Muheza, katika miaka ya 1930. Mmea unaweza kuonekana na afya juu huku mzizi umeoza kwa mabaka makavu. Unachimba bima yako ukiwa na njaa, unakuta ni kuni.

Inzi weupe huusambaza kwa umbali mfupi. Unaosafiri mbali husafiri na pingili, yaani na ukarimu wetu. Mtu anamzawadia shemeji mzigo wa mbegu, na ugonjwa unahamia kata nyingine. Hapo kikundi ni kisu chenye makali pande mbili. Kikundi chenye shamba la mbegu, kinachong'oa kila mmea wenye dalili na kukaguliwa kama mzalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora, kinaweza kukihudumia kijiji kizima kwa aina zinazovumilia ugonjwa, ile iitwayo Kiroba kwa mfano. Kikundi kinachogawa pingili bila ukaguzi kinasambaza maradhi haraka kuliko jirani mmoja mmoja ambavyo angeweza. Kama kijijini kwenu kuna kikundi cha mbegu, nendeni mkakate mizizi michache kabla ya kuchukua pingili.

Aliye nje ya duara

Wanaokosa chakula zaidi ndio wasiojiunga. Hisa ya chini ikiwa shilingi elfu mbili kwa wiki, mama anayetegemea kibarua hawezi kuahidi elfu mbili kila wiki. Mkutano ukiwa saa tatu asubuhi, yeye yuko shambani kwa watu. Mzee anayelea wajukuu hana nguvu za msaragambo. Na wanachama wenyewe, bila ubaya, wanaogopa kumwingiza mtu wanayejua hatarejesha, kwa sababu wanadhaminiana. Kwa hiyo kikundi huwakusanya watu wa kati. Unaweza kukuta kijiji chenye vikundi vinane vinavyofanya vizuri, na nyumba kumi na mbili zinazopika mara moja kwa siku.

Ubaya zaidi, wanachama wenye fedha ya sanduku mwezi Machi wanaweza kununua mahindi yakiwa bado mabichi shambani kwa jirani aliye nje. Mlanguzi wa zamani alitoka mjini. Wa sasa anaweza kuwa mwenzenu wa msikitini au kanisani. Kikundi kisichokataza jambo hilo kwenye katiba yake kimehamisha njaa nyumba tatu kando, kisha kinapongezwa.

Kwa nini wazee wanasitasita

Ukimwona mzee anakataa kujiunga, usimwite mkaidi kabla ya kumsikiliza. Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, vyama ambavyo wakulima walikuwa wameviundia mtaji kwa mazao yao. Vikarudi kwa sheria ya mwaka 1982, na vingi vilirudi na madeni na mikono mirefu. Mtu aliyeshuhudia hayo akiwa kijana ana haki ya kuuliza nani anashika daftari.

Na majina yanachanganya, kwa hiyo tuyatenganishe. Kikundi cha kuweka na kukopa ni cha wanachama wachache wanaojuana, kinasajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na fedha hugawanywa mwisho wa mzunguko. AMCOS ni chama cha ushirika cha mazao chini ya Sheria Na. 6 ya 2013. Kina hadhi ya kisheria ya kuingia mikataba na kukopa benki, kinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika na hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. MVIWATA, iliyoanza mwaka 1993, ni mtandao wa vikundi wenye kazi ya kusemea wakulima, haununui mazao yako. Mtu akikwambia "ushirika umetuibia", muulize ni upi kati ya hivi. Mara nyingi aliyeibiwa kwenye kimoja anaviogopa vyote.

Kipo pia kile kikundi cha nne, kinachozaliwa kwa ajili ya mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ni fedha nzuri, nami nawaombea wote wazipate. Lakini kikundi kilichoundwa wiki mbili kabla ya fomu, chenye watu ambao hawajawahi kuchanga hata mia tano kwa pamoja, hakina cha kukishikilia siku mvua ikikataa. Ukitaka kujua kikundi kama ni cha kweli, usiulize katiba. Omba kuona daftari la mwezi Machi uliopita, uone kama walikutana.

Machi, uani kwa shangazi

Mwaka uleule wa chupa ya chumvi nilirudi kijijini katikati ya masika. Kikundi kilikuwa kimeweka kando magunia sita kama akiba ya kukopeshana. Masharti ni mepesi: unachukua debe, baada ya mavuno unarudisha debe na kisado kimoja juu yake. Kisado ni sehemu moja ya tano ya debe. Duka la jirani lilikuwa linakopesha gunia kwa magunia mawili.

Jina la kwanza kwenye orodha siku hiyo halikuwa la mwanachama. Lilikuwa la mama mjane wa kitongoji cha pili, ambaye kikundi kiliamua kumpa kwa dhamana ya wanachama wawili, kwa masharti yaleyale. Walibishana karibu saa nzima juu yake. Wapo waliosema ataanza mmoja, watakuja ishirini. Mwishowe wakapiga kura, akapita kwa tofauti ya kura mbili.

Wakafungua mfuko. Shangazi alifungua kamba ya kiroba, kisha nailoni ya kwanza, kisha ya pili, taratibu kama mtu anayefungua kitovu cha mtoto. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mahindi ya Agosti. Akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na kuutazama kiganja. Hakukuwa na unga. Akamimina punje chache kwenye kiganja cha yule mama, naye akaziangalia moja moja, akazigeuza, akazirudisha mfukoni zote bila kudondosha hata moja, kisha akaweka debe lake chini.